Mimi na dada yangu tunagombania siku ya trela la miwa

SWALI

Daktari, hujambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nakuru, lakini nimezaliwa na kusomea Muhoroni. Kila Desemba tukikutana nyumbani, mimi na dada yangu mkubwa huanza kwa kukumbushana mambo ya shule na kuishia kununiana kwa sababu ya siku moja tu.

Tulikuwa tunatoka shule, mimi darasa la tano, yeye la saba. Matrekta ya miwa yalikuwa yanapunguza mwendo pale barabara inapokata reli, na sisi watoto tulikuwa tunadandia trela kwa nyuma tuchomoe miwa. Siku hiyo muwa ulichomoka ghafla nikaanguka, mkoba ukafunguka, na gurudumu la trela lililofuata likapita juu ya mkebe wa jometri. Ukawa bapa kabisa. Taniboi alicheka huku trekta ikienda zake. Jioni mama alinichapa. Hadi leo nauona mgongo wa sare yangu ulivyopasuka.

Dada anaapa kwamba aliyeanguka ni yeye. Anasema mkebe ulikuwa wake, kwa kuwa shuleni kwetu ulitakiwa kuanzia darasa la sita. Mimi nasema niliuazima bila yeye kujua. Siku yenyewe naikumbuka vizuri sana: ndiyo siku Gor Mahia walipochukua kombe la Afrika, redio zilikuwa zinalia mtaa mzima. Makovu ya magoti hayawezi kutuamua, kwa sababu sote tunayo. Mama yuko hai, lakini anasema alitupiga mara nyingi mno, hawezi kujua ile ilikuwa ya nani.

Nani kati yetu anasema uongo? Na mbona siku hiyo tunaicheka hadi machozi, ilhali fimbo ya mama haikuwa mchezo?

JIBU

Dada yangu, hakuna anayesema uongo. Ila mmoja wenu ameichukua siku ya mwenzake akaifanya yake, na aliyeichukua hana habari. Ningelazimishwa kuweka pesa leo, ningeweka kwa dada yako mkubwa. Usinikasirikie kwanza. Nitakueleza nimefikaje hapo, na kuna mambo mnayoweza kuyafanya Desemba hii ambayo yanaweza kunigeuza.

Mnaona aibu kubishania jambo la kitoto, lakini jambo hili limeshawahi kufanyiwa utafiti. Mwaka 2001 Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha kazi yao kuhusu mapacha watu wazima huko New Zealand. Walipowauliza kuhusu matukio ya zamani, walikuta pacha huyu anasimulia tukio kwamba lilimpata yeye, na pacha yule anasimulia lilelile, kwamba ni yeye. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja anaona picha yake kichwani. Baadaye ikaonekana si mapacha tu. Ndugu wa kawaida na hata marafiki wa karibu wanayo mizozo ya namna hiyo. Inatokea zaidi pale watu wawili walipoishi maisha yaleyale, na nyinyi wawili mliishi maisha yaleyale hasa: barabara moja, shule moja, kitanda kimoja nadhani, na mama mmoja mwenye fimbo moja.

Sasa, inawezekanaje mtu akachukua kuanguka kwa mwenzake? Sir Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha tangu 1932 kwamba mtu akikumbuka hatoi kitu kizima kutoka ghalani. Anakijenga upya, kwa vipande alivyonavyo na kwa mambo anayojua kwamba kwa kawaida huwa hivyo. Wewe vipande vyote ulikuwa navyo. Ulizijua trela zile, unajua sauti ya miwa inavyokwaruza chuma, unajua majani yake yanavyokata viganja. Ulishawahi kudandia, ulishawahi kuchomoa, bila shaka ulishawahi kuanguka siku nyingine. Hata kama siku ile ulikuwa umesimama kando ya reli ukiwa umeshika mkoba wa mwenzako, hakuna kilichopungua katika kuijenga picha hiyo isipokuwa jibu la swali moja: ni nani?

Na jibu hilo ndilo ubongo unaloliweka ovyo kuliko yote. Tunakumbuka jambo kwa urahisi. Tulilipata wapi, kama tuliliona, tulisimuliwa au tuliliwaza, hilo huchujuka mapema. Nimesikia watu wengi wa rika lenu wakisimulia jinsi walivyovishwa kile kibao cha shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya nyumbani. Ukiwachunguza mmoja mmoja, unakuta wengine walikivaa kweli, na wengine walikaa deski moja na aliyekivaa. Hofu ilikuwa ya darasa zima, kwa hiyo kibao nacho kimekuwa cha darasa zima.

Kuna jaribio la Marekani ambalo huwa nalitaja kwa watu wanaonitazama kwa mashaka, kama ninavyohisi unavyonitazama sasa. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwachukua watu 24 na kuwapa hadithi nne za utotoni mwao. Tatu zilikuwa za kweli, zimetolewa na jamaa zao. Ya nne ilikuwa ya kutungwa: kwamba akiwa mtoto alipotea katika duka kubwa, akalia, akaokotwa na mzee mmoja. Sita kati ya wale 24 waliikumbuka hiyo ya kutungwa, nzima au nusu. Hao walisimuliwa mara chache tu, na mtu wasiyemjua. Nyinyi mmesimuliana Desemba baada ya Desemba, na bila shaka kila aliyesimulia alisema "nikaanguka", na aliyesikiliza akaliona anguko lile kwa macho yake mwenyewe.

Tuingie kwenye ushahidi wako, nianze na ule unaoutegemea zaidi, kwa sababu ndio dhaifu zaidi.

Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi barani Afrika, lile la Mandela, Desemba 1987. Walitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, wakatoka tena sare ya 1-1 Nairobi, kombe likabaki kwa mabao ya ugenini. Hilo la redio kulia mtaa mzima nalikubali bila ubishi. Sidhani kuna nyumba kati ya Muhoroni na Kisumu iliyolala mapema. Lakini kumbuka kalenda yetu ya shule ya wakati ule. Muhula wa tatu ulikuwa unaisha Novemba. Desemba shule zimefungwa, ripoti zimeshasomwa, aliyeshika mkia ameshachekwa na kusahaulika, watoto wamo mashambani na kandokando ya barabara wamevaa nguo za nyumbani. Huwezi kuwa ulikuwa unatoka shule siku hiyo, umevaa sare, mkebe wa jometri umo mkobani. Siku mbili zimeshonwa zikawa moja. Huenda mlisikiliza fainali ile jioni mkila miwa, mishono ikaanzia hapo.

Usione vibaya. Ulric Neisser, mmoja wa magwiji wa saikolojia ya kumbukumbu, kwa miaka mingi alikumbuka kwamba siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, yeye akiwa kijana mdogo alikuwa sebuleni akisikiliza mechi ya besiboli redioni, matangazo yakakatizwa na habari hiyo. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima na msomi ndipo alipogutuka: besiboli haichezwi Desemba. Wenzake baadaye wakagundua kwamba siku hiyo kulikuwa na mechi redioni, ila ya kandanda ya Kimarekani, na timu zake zilikuwa na majina ambayo timu za besiboli pia zilikuwa nayo. Kwa hiyo redio ilikuwepo, mechi ilikuwepo, mshtuko ulikuwepo. Mchezo wenyewe ndio uliobadilishwa. Wewe umefanya kama alivyofanya yeye, na katika mwezi uleule.

Hili la Gor halisemi ni nani aliyeanguka. Linasema tu kwamba uhakika wako si ushahidi, na naomba dada yako asilisome kwa kelele, kwa sababu uhakika wake yeye pia si ushahidi.

Cha pili ni ule mgongo wa sare. Umeandika kwamba unauona mgongo wa sare yako ulivyopasuka. Uliuonaje? Mtu hauoni mgongo wake. Kwa wengi hilo lingetosha kukuhukumu, kwamba uliona kwa sababu ulikuwa nyuma ya aliyeanguka. Mimi siendi mbio hivyo. Georgia Nigro na Neisser huyohuyo walieleza mwaka 1983 kwamba watu hukumbuka kwa namna mbili: wakati mwingine unalitazama tukio kwa macho yako ya siku ile, wakati mwingine unajiona mwenyewe kwa nje, mtu mmojawapo katika picha. Kumbukumbu za zamani sana huelekea hiyo namna ya pili, hata zikiwa ni zako kwa haki. Kwa hiyo kujiona kwa nyuma ni dalili, lakini ni dalili nyembamba.

Kinachonivutia zaidi ni sare yenyewe. Siku hizo nguo ya shule haikutupwa kwa kupasuka. Ilishonwa, ikavaliwa, na mwenyewe alipoongeza urefu ikashuka kwa anayemfuata. Sasa nikuulize: sare ile ilipotiwa kiraka, ilivaliwa na nani mwaka uliofuata? Kama uliirithi wewe, basi ulitembea na kiraka cha mgongoni mwaka mzima au zaidi. Watoto walikucheka kwa kiraka hicho. Uliulizwa kilitoka wapi, na ukajibu habari ya trela. Mwanzoni pengine ulisema "dada alianguka". Lakini mtoto anayechekwa gwaridani, nyuma yake wamepanga mstari wakikitazama kiraka, haelezi kirefu hivyo. Anasema "nilianguka", yamekwisha. Kama sare ile ilikufikia, nimemaliza kazi yangu. Kama haikukufikia, nitasogeza pesa yangu kidogo upande wako.

Cha tatu ni mkebe. Umesema shule iliutaka kuanzia darasa la sita, nawe ulikuwa la tano. Hapo dada yako ana kauli nzito. Wewe unajibu kwamba uliuazima kwa siri. Inawezekana kabisa, hakuna mtoto wa darasa la tano asiyetamani bikari ya mkubwa wake, hata kwa kuchora maua tu nyuma ya daftari. Na kama ndivyo, kipigo cha mama kinaeleweka vizuri zaidi: umepoteza mali isiyo yako. Ila nataka ukumbuke jambo moja kwa uaminifu. Hili la kuazima lilianza lini kusimuliwa? Lilikuwepo tangu mwanzo, au lilizaliwa Desemba ile dada aliposema kwa mara ya kwanza, "Lakini wewe hukuwa na mkebe"? Maelezo yanayotokea baada ya pingamizi, yakaziba tundu la pingamizi lilelile barabara, huwa nayatilia shaka. Ubongo hauvumilii tundu. Unatafuta kiraka, na ukishakipata unakiona kilikuwepo siku zote.

Cha nne hukukitaja, nami nimesoma barua yako mara ya pili kukitafuta: kesho yake. Simulizi yako ina anguko, ina gurudumu, ina kicheko cha taniboi, ina fimbo, halafu inakatika. Mtu aliyepoteza mkebe hakuumaliza mkasa wake kwa fimbo ya jioni. Kesho yake kulikuwa na somo la hesabu. Pembe zilipimwa kwa nini? Nani alimwazimisha protrakta, na kwa malipo gani, nusu ya andazi au zamu ya kufagia darasa? Je, mwalimu wa hesabu alimsimamisha? Mkebe mwingine ulinunuliwa lini, au alimaliza muhula akichora duara kwa kifuniko cha chupa? Kwa uzoefu wangu, kumbukumbu iliyochukuliwa kwa mwenzako huja na kilele chake tu, kwa sababu kilele ndicho kinachosimuliwa jikoni. Mabaki yake ya kuchosha, yasiyochekesha mtu, hubaki kwa mwenyewe. Ukiweza kuniambia ulipimia nini pembe wiki iliyofuata, nitakusikiliza kwa makini zaidi kuliko nilivyosikiliza habari ya Gor.

Mambo manne hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa dada yako. Sasa tuseme mnafanyaje.

Kwanza, msikutane mkaanza kubishana. Mkishabishana mmeharibu, kwa sababu kila mmoja ataondoka na vipande vya mwenzake. Kabla ya kusafiri, kila mmoja aandike peke yake, kwa kalamu, siyo kwa kutumiana ujumbe wa simu. Aandike siku ile na siku tatu zilizofuata. Aandike hata upuuzi: kama miwa ilikuwa ya kuchomwa au mibichi, kwa mfano. Wewe ni mtoto wa Muhoroni, unaelewa kwa nini nauliza. Muwa wa shamba lililochomwa moto unakupaka masizi mdomoni, viganjani na kwenye kola, na mama wa kule alikuwa haulizi kitu. Alikuwa anatazama kola. Kama yupo anayekumbuka akijisugua kola kwa mate kabla ya kufika nyumbani, hiyo ni dalili ninayoipenda kuliko goti lenye kovu.

Pili, tafuteni mwaka kwa vitu vilivyo nje yenu. Maziwa ya Nyayo hayatawasaidia. Yalianza 1979 na yakaendelea hadi miaka ya 1990, kwa hiyo kila mtu wa rika lenu ana kumbukumbu ya pakiti ya pembetatu, pembe ikikatwa kwa meno, halafu pakiti tupu inapulizwa na kukanyagwa ilie. Ni tamu, lakini haina tarehe. Vitu vyenye tarehe ni kama mahindi ya manjano ya wakati wa ukame wa 1984, au mtihani: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 darasa la saba ndilo lililokuwa la mwisho na CPE yake, na kuanzia 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaleta darasa la nane na KCPE. Dada yako alipokuwa la saba, alikuwa anajiandaa kumaliza shule ya msingi, au alijua ana mwaka mwingine? Hilo hawezi kulisahau. Likijulikana, mtajua kama ilikuwa kabla ya 8-4-4 au baadaye, na mwaka ukijulikana darasa lako pia linajulikana. Usistaajabu ukikuta hukuwa hata darasa la tano.

Tatu, msikae sebuleni. Simulizi za sebuleni mmezikariri. Watoeni watoto nje, katafuteni tyubu kuukuu ya baiskeli muikate vipande virefu, mvifunge mpate bladha, ile kamba ya mpira ya kuruka, mcheze. Nasema kwa dhati. Bladha ina mpangilio wake, vifundo vya miguu, magoti, kiuno, kwapa, shingo, mpaka inafika juu ya kichwa na mkono umenyooshwa, na miguu yenu itaukumbuka kabla hamjajua mnaukumbuka. Mkishachoka, chezeni kati: mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa. Hapo ndipo mtaanza kukumbuka watu. Nani alikuwa hakubali kutoka akiguswa? Nani alikuwa anarusha kwa hasira? Nani alikuwa akiachwa mwisho kuchaguliwa, akaambiwa ashike kamba tu? Na mkitaja watu, mtataja aliyekuwa nanyi siku ya trela, maana watoto hawakuwa wanadandia wawiliwawili. Lilikuwa kundi, na kundi ni mashahidi.

Hapa kuna habari njema. Majina ya wenzako wa darasa yanapotea ukiyatafuta kichwani hivihivi, lakini nyuso hazipotei. Harry Bahrick na wenzake waliwapima wahitimu 392 wa shule za sekondari Marekani, wakachapisha matokeo 1975: hata baada ya zaidi ya miaka 30, watu walitambua karibu asilimia 90 ya sura za wenzao katika picha, ilhali kuwataja bila kuonyeshwa chochote kuliwashinda wengi. Kwa hiyo itafuteni picha ya darasa, ile ya kupigwa mbele ya bendera, wafupi wamechutama mbele na mwalimu amekaa katikati kwenye kiti cha ofisi. Anzeni na ya darasa la dada, halafu yako. Wekeni kidole usoni, mmoja baada ya mwingine. Mkimpata aliyekuwa pale relini, mpigieni simu na mwulize swali lisilo na jibu ndani yake. Usimwambie, "Unakumbuka nilivyoanguka?" Atakumbuka, kwa adabu. Mwambie tu, "Unakumbuka chochote kuhusu miwa na mkebe?" kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa watu wa kwetu.

Umeuliza mbona mnacheka. Nitalijibu kwa ufupi, kwa kuwa halina utata. Uchungu wa jambo baya huchujuka upesi kuliko utamu wa jambo zuri, W. Richard Walker na John Skowronski ni kati ya waliolichunguza hilo kwa miaka mingi, na limeonekana kwa watu wa nchi nyingi. Fimbo imepoa, miwa imebaki. Tena kusimulia kwenyewe mbele ya watu wanaocheka huharakisha kupoa huko. Ila si wote hupoa. Katika kila kundi la waliosoma pamoja yupo anayenyamaza zikisimuliwa habari za viboko, hasa vya walimu wa enzi zile, kabla sheria haijavipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Mkimwona huyo Desemba, msimlazimishe kucheka. Lenu nyinyi wawili limepoa, nafurahi, cheka.

Na ukigundua kwamba siku ile ni ya dada? Najua inauma, umeishi nayo karibu miaka 40. Lakini ulikuwepo. Mtu hachukui tukio asilolijali. Huenda ulipiga ukelele gurudumu lilipokuja, huenda ndiwe uliyeokota vitabu vumbini huku yeye analia, huenda ndiwe uliyekwenda kumsemea kwa mama, na hilo la kumsemea, samahani, lingekuwa sababu nzuri sana ya ubongo wako kukuhamisha kutoka pembeni kukuweka chini ya trela. Simulizi ya aliyekuwa kando ya reli bado haijawahi kusimuliwa nyumbani kwenu, na mimi kama msikilizaji ningeitaka hiyo kuliko ya anguko, ambayo naona mmeshaichosha.

Sasa mama. Mnamwuliza vibaya. Mnamwuliza alimchapa nani, na mzazi wa watoto wengi wa miaka ile hana daftari la viboko. Mwulizeni habari ya pesa. Mkebe wa jometri haukuwa kitu cha kununuliwa bila kupiga hesabu, na mama aliyenunua wa pili katika mwaka mmoja anakumbuka alikata wapi: kwenye sukari, kwenye mafuta ya taa, au alimwuza kuku. Mmoja wenu amkute peke yake asubuhi, kabla hajachoka, akiwa anachambua mboga au anafanya kazi yoyote ya mikono. Amwulize alinunua mikebe mingapi kwa jumla, na kila mmoja aliununua wapi na kwa ajili ya nani. Asitaje trela kabisa. Mwingine asikaribie; aende Koru akanunue ndizi, arudi mchana. Jibu la mama liandikwe palepale kama alivyolisema, halafu ndipo mfungue zile karatasi zenu mbili mezani. Niandikie mlichokikuta, na usiache kunieleza habari ya kiraka.